Landrova ya Nabalayo: Mteremko wa Kisian

Juma lililopita tulimwacha Nabalayo kwenye mteremko wa kutoka Maseno kushuka Kisian, mguu wake wa kulia umekanyaga breki hadi mwisho, na Landrova haina habari naye. Tangu siku ile nimepokea barua tatu. Msomaji mmoja wa Kakamega ananisihi nimwokoe dada wa watu. Wawili wanasema aliyataka mwenyewe. Mshona nguo ana haja gani na gari lililoundwa mwaka wa 1955?

Haya, barua nitazijibu baadaye. Gari linakwenda.

"Punguza mwendo," alisema Mama Kageha, aliyekaa kando yake na mkungu wa ndizi mapajani.

"Napunguza."

"Mbona miti inapita mbio hivi?"

Nabalayo alikanyaga tena. Kanyagio lilizama kama mguu kwenye matope, likagota sakafuni, na hakuna kilichobadilika. Mbele yao barabara ilikata kushoto, na baada ya kona hiyo alijua kuna nini: vibanda vya Kisian, akina mama na karai zao za dagaa wa omena, baiskeli, mbuzi, na basi la saa tisa linalopenda kupakia abiria katikati ya njia.

"Nabalayo."

"Mama Kageha, breki imekataa."

Kageha alikuwa mshirika wake wa miaka sita katika duka la kushona sare za shule. Tangu siku Landrova ilipoletwa mlangoni, aliapa kwamba yeye chuma kile hakipandi, na leo ndiyo mara yake ya kwanza kulegeza kiapo. Aliuteremsha mkungu wa ndizi taratibu, akakunja mikono, akaanza kuomba kwa Kimaragoli. Hakupaza sauti. Aliomba kama mtu anayeagiza sukari dukani.

Nabalayo naye alikuwa akimsikia mtu mwingine kabisa kichwani: Kangethe, fundi wa magari nyuma ya soko la Kibuye, aliyemfundisha kuendesha. Kangethe ni mtu wa maneno machache, na kwa hiyo machache hayo hukaa.

"Handibreki ya Landrova haishiki magurudumu," alimwambia siku moja. "Inashika propela, ule mtaimbo unaozunguka huko nyuma ya gia. Breki ya mguu ikikuacha, hii bado iko. Lakini usiivute kama unavuta ng'ombe kutoka mtoni. Gia kwanza. Halafu handibreki, kidogo kidogo."

Gia kwanza.

Alikanyaga klachi, akaitoa gia ya nne, akaitafuta ya tatu. Sanduku la gia lilisaga meno, kisha likakubali. Injini ikapiga kelele na pua ya gari ikainama. Mwendo ulipungua kidogo, lakini kona ilikuwa imeshafika.

Waliipita kona magurudumu ya kulia yakiwa kwenye majani. Lori la miwa lililokuwa likipanda liliwapita karibu mno, hata Kageha akanusa jasho la turniboi, yule mpakiaji aliyening'inia ubavuni.

"Sasa ya pili," Nabalayo alijiambia kwa sauti. Klachi. Gia katikati. Mafuta kidogo. Klachi tena. Ya pili ikaingia kwa kishindo kilichowarusha wote wawili mbele, na mikungu minne ya ndizi iliyokuwa nyuma ikahamia mabegani mwao.

Vibanda vya Kisian vikatokea. Basi pia likatokea, mahali pale pale, limejaza njia.

"Piga honi," alisema Kageha.

"Honi haijafanya kazi tangu niinunue."

Kageha alikatiza sala yake. Alifungua dirisha, akatoa kichwa na mkono mmoja, akawatangazia watu wa Kisian watoke njiani, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kijaluo, halafu kwa Kimaragoli kwa faida ya yeyote aliyebaki. Sauti ile imeongoza kwaya ya wanawake kanisani kwa miaka kumi. Watu walitoka. Mbuzi walitoka. Basi peke yake halikutoka.

Upande wa kushoto, kabla ya vibanda, watengenezaji barabara walikuwa wameacha lundo la kifusi chekundu, refu kuliko mtu. Nabalayo aliiona nafasi moja tu, nayo ilikuwa ile. Akaivuta handibreki kidogo, akasikia propela ikilia chini ya kiti, akavuta tena, akakata usukani.

Landrova ilipanda kifusi hadi katikati, ikaganda, ikashuka hatua moja kinyumenyume, ikatulia. Vumbi lilifunika kila kitu.

Kisha kondakta wa basi akaja akichungulia dirishani.

"Mama, mko wazima?"

"Tuko," alisema Nabalayo.

"Hizo ndizi mnauza?"

Ndipo Kageha alipoanza kucheka, na kicheko hicho kikamshika kiasi kwamba ilibidi wanawake wawili wauza omena wamsaidie kushuka.

*

Kangethe alifika jioni hiyo hiyo na lori la rafiki yake na kamba. Hakuuliza maswali mengi. Alilizunguka gari, akaitazama madigadi ya mbele iliyokunjika, akamtazama Nabalayo, akalitazama gari tena.

"Ulianza na gia?"

"Nilianza na gia."

"Vizuri, Fundi," alisema, akaanza kufunga kamba.

Hawa wawili huitana Fundi, yeye wa magari na yeye wa cherehani, na Kageha huwa akilisikia neno hilo anatazama pembeni na kutabasamu. Mimi sitasema zaidi. Mwenye macho ameshaona.

Siku iliyofuata, Jumamosi, Landrova ilikuwa kwenye gereji, magurudumu yamevuliwa, na Nabalayo amevaa koti la kazi la Kangethe lililomfika magotini. Kila pumziko la kushona hulitumia pale. Katika miezi miwili ya kumiliki gari alikuwa amejifunza kupima oili asubuhi, kujaza maji kwenye redieta kabla halijapata moto, kutia grisi chini, na kutambua kwa sikio gari likipiga chafya kwa sababu ya uchafu kwenye kabureta. Mwezi wa kwanza alilia mara mbili. Mwezi wa pili alilia mara moja tu, na hiyo ni kwa sababu bonneti ilimwangukia kidoleni.

Kangethe alifungua chupa ya mafuta ya breki, akachovya kidole, akakinusa. Halafu akamnyoshea Nabalayo.

"Hii ni nini?"

Nabalayo alinusa. "Sabuni."

"Maji ya sabuni. Mtu alikosa mafuta ya breki akajaza haya ili kanyagio lisimame siku ya kuuza. Mipira yote ya ndani imeoza. Kwenye tambarare ungeendelea hata mwaka mzima bila kujua. Mteremko ndio unaouliza maswali."

"Nicodemus aliniambia breki ni mpya."

"Nicodemus aliniambia mimi pia mambo mengi," alisema Kangethe, akarudi chini ya gari.

Nicodemus Waliaula, kwa msomaji aliyejiunga nasi leo, ndiye aliyemuuzia Nabalayo gari hili. Ni karani katika ghala moja la pamba, mtu wa kwao Bungoma, kofia yake haikosi unyoya. Alimweleza Nabalayo kwamba Landrova ilikuwa ya rafiki yake mmoja mfanyabiashara wa ng'ombe, Tom Agwanda, aliyefariki, na kwamba mjane ndiye aliyemwomba amtafutie mnunuzi mwaminifu. Nabalayo aliuza cherehani yake ya tatu akaongeza akiba ya miaka minane. Mtu wa nyumbani akikuapia, unaamini.

Walifanya kazi hadi saa saba. Mipira mipya iliingia. Kisha ikabaki kutoa hewa kwenye mabomba ya breki, kazi ya watu wawili. Kangethe chini na spana, Nabalayo juu na mguu.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shika hapo. Achia. Kanyaga tena."

Gurudumu moja baada ya jingine. Mwishowe kanyagio likasimama chini ya mguu wake, gumu kama jiwe, na Nabalayo alihisi kitu ambacho hakukihisi hata siku alipokabidhiwa ufunguo. Hiki alikuwa amekitengeneza.

"Jumanne naenda Pap Onditi," alisema. "Sare mia moja na sitini. Shule inafunguliwa Jumatano, na Mwalimu Maximilla amesema nisipofika atawapa kazi wale wa duka kubwa. Itafika?"

Kangethe alijifuta mikono kwa tambara. "Gari itafika. Kama mvua itakubali, hilo sijui."

Hapo ndipo sauti ya tatu ilipoingia.

"Mvua gani tena, jamani?"

Nicodemus alikuwa mlangoni, kofia mkononi, anatabasamu kama aliyeletewa mtoto kuonyeshwa. Alisikia habari ya Kisian, akasema, na usiku mzima hakulala. Dhamiri ilimsumbua. Yeye si mtu wa kumuuzia dada yake kitu kibovu. Kwa hiyo amekuja kulichukua gari lake, na atarudisha kila kitu alichopewa, na juu yake ataweka bei ya cherehani mpya.

Kageha, aliyeleta chakula cha mchana, aliacha sufuria mezani. "Kubali," alisema.

"Nilichokuuzia kimekusumbua," Nicodemus aliendelea. "Leo hii, Nabalayo. Nimekuja na pesa mfukoni."

Nabalayo alimtazama. Miezi miwili iliyopita mtu huyu alihesabu noti mara tatu mbele yake akilalamika amepunjwa. "Breki zimepona," alisema polepole. "Kwa nini unalitaka sasa?"

"Nimesema. Dhamiri."

"Basi subiri Jumatano. Jumanne napeleka sare Pap Onditi. Nikirudi tutazungumza."

Tabasamu la Nicodemus lilipotea.

"Pap Onditi usiende na hiyo gari."

"Kwa nini?"

"Barabara," alisema Nicodemus. "Barabara ni mbaya." Aliirudisha kofia kichwani, akaivaa nyuma mbele, unyoya ukamwangukia jichoni, akaondoka bila kuaga.

Nabalayo alimgeukia Kangethe ili wacheke pamoja. Lakini Kangethe alikuwa ameinama juu ya kisanduku cha spana, akizipanga moja moja, na hakucheka.

*

Jumanne asubuhi mvua haikukubali. Ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na baada ya Ahero uwanda wote ulikuwa maji na matope. Udongo mweusi wa huko ukilowa hauachi kitu. Unakamata kiatu, unakamata gurudumu, unakamata basi zima. Na kweli, kabla ya Katito walilikuta basi limelala kando, abiria wamesimama nje na viatu mikononi.

"Turudi," alisema Kageha, aliyekuja kwa sababu, kama alivyosema, kama atakufa Nabalayo, nani atamweleza Mwalimu Maximilla.

Nabalayo alisimamisha gari. Akakivuta kishikio chenye kirungu chekundu, kile cha gia nzito, na magurudumu yote manne yakaanza kusukuma. Gia ya pili. Hakuna kukanyaga mafuta ovyo, hakuna kusimama. Landrova ilitembea kama mzee anayepanda ngazi: taratibu, ikiguna, lakini bila kurudi nyuma. Matope yalipiga madirisha. Abiria wa basi walishangilia kama kwenye mpira.

"Hebu ona," alisema Kageha. Ilikuwa mara ya kwanza kulisifu gari lile, na baada ya hapo alijifanya hakusema kitu.

Saa nne na nusu walikuwa kwenye uwanja wa shule. Mwalimu Maximilla, mwanamke mrefu mwenye miwani, alihesabu sare, akavuta mishono, akageuza pindo, hakupata kasoro. Akatoka nje akaitazama Landrova iliyopakwa matope hadi paani.

"Basi la jana halikufika," alisema. "La leo pia sijalisikia."

"Limekwama Katito, Mwalimu."

"Basi sare za wavulana za mwaka ujao ni zako pia."

Nabalayo alishuka ngazi za shule akitembea kama asiyegusa chini. Wasomaji wapendwa, kama hadithi hii ingekuwa ya kufurahisha tu, ningeishia hapo, nikamwacha dada huyu na furaha yake.

Walisimama sokoni Pap Onditi kuongeza maji kwenye redieta. Injini ilikuwa inanguruma, kwa kuwa Nabalayo hakutaka kulizima gari kwenye matope. Kageha alikuwa amekaa kitini anamenya njugu. Mvua ilikuwa imepungua ikawa manyunyu.

Mzee mmoja alitoka kwenye duka la majani chai, mwembamba sana, koti limemzidi mabega, anatembelea fimbo. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye gari. Hakumtazama Nabalayo. Aliweka kiganja kwenye bonneti, kama mtu anavyompima mtoto homa.

"Nani amekupaka rangi ya majivu?" aliliuliza gari.

Nabalayo alishika kopo la maji. "Shikamoo, Mzee. Unalijua gari hili?"

"Marahaba, nyathina, mwanangu. Hii gari ilikuwa kijani." Aliukuna mlango kwa ukucha. Chini ya rangi ya majivu, kweli, kijani ikatokea. "Nilibeba ndama nayo kutoka Sondu. Na mke wangu Seline siku ya uchungu wa kuzaa, na mtoto akazaliwa humo humo, hapo nyuma. Ni yangu. Niliiacha kwa rafiki anitunzie."

"Mzee, umekosea. Hili nimenunua. Nina kitabu chake."

"Kitabu kinasema ni ya nani?"

Alikuwa nacho kwenye mkoba, ndani ya mfuko wa nailoni. Hakuhitaji kukitazama, lakini alikitazama. "Ya marehemu Tom Agwanda."

"Marehemu." Mzee alilirudia neno lile, akilionja. "Amekufa lini?"

"Mwaka jana. Mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu mwaka jana nilikuwa hospitali, wodi ya kifua. Nililala huko miezi kumi na minne, nimetoka majuzi. Niliumwa sana, nyathina, lakini kufa, hilo sikumbuki."

Ndani ya gari Kageha aliacha kumenya njugu.

"Tom Agwanda ni wewe?"

"Uliza mtu yeyote hapa."

Hakukuwa na haja ya kuuliza. Watu watano walikuwa wameshasogea, na mmoja wao alimwita mzee yule kwa jina kabla hajaulizwa. Nabalayo alifungua mkoba tena, akatoa karatasi ya mauziano, ile aliyopewa na Nicodemus. Chini yake palikuwa na sahihi nzuri, herufi T imezungushwa kama mkia wa jogoo.

"Hii si sahihi yako, Mzee?"

Tom Agwanda hakuichukua karatasi. Alimwonyesha kidole gumba chake cha kulia, kipana, kimepasuka.

"Hii ndiyo sahihi yangu. Sijui kuandika. Sikwenda shule hata siku moja."

Kageha alitoa kichwa dirishani. Safari hii hakupaza sauti hata kidogo. "Nabalayo. Washa twende."

"Limewaka tayari."

"Basi twende."

Na lingeweza kwenda. Hilo Nabalayo alilijua vizuri, na sitawaficha kwamba alilifikiria. Mzee alikuwa na fimbo. Asingekimbia hatua tatu. Polisi wa karibu walikuwa mbali, ng'ambo ya matope ambayo hakuna gari jingine lingeyavuka siku ile. Karatasi ilikuwa na sahihi. Aliwaza miaka minane ya sindano na uzi, macho yaliyouma, cherehani ya tatu iliyobebwa na mtu mwingine mlangoni kwake. Aliwaza kanyagio lile gumu chini ya mguu wake. Mikono yake ilikuwa imelitengeneza gari hili. Je, mikono yake haikuhesabiwa?

Mzee Agwanda hakumhimiza. Alikuwa bado ameweka kiganja kwenye bonneti.

"Linanguruma vizuri," alisema. "Kwangu lilikuwa likikohoa. Umelitunza. Ero kamano, ahsante."

Nabalayo aliingiza mkono dirishani, akazima injini.

Kageha alifumba macho.

"Mzee," alisema Nabalayo, "mimi sikukuibia. Lakini yuko mtu aliyetuibia sote wawili. Ukinidai ufunguo hapa, nitakupa, na mimi na mwenzangu tutarudi Kisumu kwa miguu. Au panda, twende tukamuulize aliyekuua."

Mzee alifikiri. Halafu, kwa mara ya kwanza, akacheka, kicheko kilichoishia kwenye kikohozi.

"Mama," alimwambia Kageha kwa adabu, "nisogezee hizo njugu nikae."

*

Waliingia Kisumu saa tisa na nusu. Njia nzima Mzee Agwanda alisikiliza injini kama wengine wanavyosikiliza redio. Karibu na Ahero aliuliza nani aliyetengeneza breki, na Nabalayo aliposema, "Mimi na fundi wangu Kangethe," sauti yake ilikuwa na fahari ambayo hakuweza kuificha. Mzee alirudia jina hilo mara moja, akarudi kusikiliza injini.

Nicodemus alikuwa gereji. Alikuwepo tangu adhuhuri, kama tulivyokuja kujua, anatembea huku na huku, bahasha ya kaki kwapani. Alipoiona Landrova inaingia nzima, vioo vya upande wa abiria vimefunikwa na matope, Nabalayo kwenye usukani akicheka kana kwamba hakuna lililotokea, uso wake ulifunguka. Alikimbia akafungua mlango wa abiria yeye mwenyewe, kama bwana harusi.

"Dada yangu, pesa zote ziko..."

"Habari ya siku nyingi, Nicodemus," alisema marehemu.

Bahasha ilianguka kwenye oili.

Nabalayo alikuwa ameshashuka upande wa pili. Alikuwa na maneno tayari, aliyatunga tangu Katito, na alikuwa ameyapanga vizuri kama sare kwenye rafu. Hakuyahitaji. Nicodemus alianza kusema mwenyewe, haraka haraka, macho yakitoka kwa mzee yakienda kwa Kageha, aliyekuwa ameshuka na kuuziba mlango wa gereji kwa mwili wake wote.

"Agwanda, nilisikia umekufa. Kweli nilisikia. Watu walisema wodi ile harudi mtu. Gari lilikuwa linaozea uani kwangu, nikasema afadhali..."

"Karatasi," alisema Nabalayo. "Nani alitia sahihi ya mtu asiyejua kuandika?"

"Si mimi."

"Nicodemus."

"Nakuapia si mimi. Mwandiko wangu unaujua, nilikuandikia barua ya bei. Je, unafanana? Mimi niliuza tu. Aliyeandika jina la Agwanda kwenye karatasi ile ni mtu mwingine, na unamlisha chakula cha mchana kila Jumamosi."

Akanyosha kidole.

Kangethe alikuwa amesimama kando ya pipa la maji, spana mkononi. Hakuwa amesogea tangu gari liingie.

Nabalayo alicheka. Lilikuwa jambo la kuchekesha kweli, mtu aliyebanwa anavyoweza kumtaja yeyote. Alimgeukia Kangethe ili alikane, waendelee na kazi ya kumshughulikia mwizi.

"Mwambie, Fundi," alisema.

Kangethe aliiweka spana juu ya pipa. Akachukua tambara, akaifuta mikono, kidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Halafu akavuta kile kiti cha mbao alichokuwa akimtengea kila Jumamosi, akakisogeza mbele yake.

"Fundi," alisema, "kaa chini kwanza."